Plasi mbili za mpakia magunia

Maabara yetu iko Kirumba, Mwanza, na wateja wengi wanatoka soko la Mwaloni kwenye dagaa. Wiki iliyopita kijana mpakia magunia (kaniruhusu niandike) alirudi dirishani na karatasi ya majibu ya mkojo, imeandikwa protini "++". "Dada, protini plasi mbili. Figo ndo basi tena?" Alishampigia hadi kaka yake wa Sengerema.

Nikamwonyesha kichupa cha vile vikaratasi vya kupimia. Kiraba cha protini, kale kamraba kwenye kikaratasi, ni cha njano; kikikutana na albumini (protini ya damu ambayo figo nzima haiiachii kuingia kwenye mkojo) kinageuka kijani, na ikizidi kinaelekea bluu. Nasubiri dakika moja, nalinganisha na rangi zilizochapwa ubavuni mwa kichupa. Plasi moja ni kama miligramu 30 kwa desilita, mbili ni kama 100. Hapo nimepima ukolevu tu wa mkojo wa saa ile. Mtu amebeba mizigo tangu alfajiri, maji hajagusa, mkojo lazima ukolee, na kazi nzito yenyewe inaweza kupandisha protini kwa muda. Homa pia.

Wanaonichosha ni wale wanaogida chupa nzima ya maji nje ya mlango "ili mkojo uwe msafi". Ukiuzimua hivyo, protini ya kweli inaweza kunipita.

Niliangalia na kiraba cha damu, maana kakulia Kwimba. Kichocho cha huku ziwani ni cha tumbo zaidi. Kile cha kukojoa damu kinatoka kwenye madimbwi na majaruba ya bara, kama huko Kwimba. Damu haikuwepo.

Nikamwambia alete mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla ya kazi. Kauleta: plasi moja. Imepungua, haijaisha, kwa hiyo nikampeleka kwa daktari. Presha ikasoma juu, 150 kwa 96, naye hana hata miaka thelathini na tano, wala haumwi popote. Figo hazina kawaida ya kulalamika mapema.

Daktari kaagiza sukari, kreatinini ya damu (taka ya misuli inayochujwa na figo), na uwiano wa albumini na kreatinini kwenye mkojo. Huo uwiano haudanganywi kirahisi na maji uliyokunywa: chini ya miligramu 30 kwa gramu ni kawaida, juu ya 300 ni nyingi mno. Hata ukiwa juu utarudiwa, kwani ugonjwa sugu wa figo hautajwi mpaka hali idumu miezi mitatu. Sisi kipimo hicho hatuna. Sampuli imekwenda maabara kubwa mjini, majibu Alhamisi.

Kaka wa Sengerema kapiga tena. Nimemwambia asitume dawa za mitishamba.