Keria ya boda, wiki ya tano: kona inayokataa kutulia

Kwa wanaofuatilia, huu ni ule mradi wa bracketi ya keria, yaani kipande cha chuma kinachoishikilia. Jirani yangu anabeba jerikani tatu za lita 20 kwenye boda, kilo 60 hivi, na bracketi ya zamani ilipasuka ndani ya kona. Mpya nimeichora FreeCAD, programu ya kuchora na kujaribu vifaa kwenye kompyuta, bamba la milimita 6 lenye umbo la L, upana 30, mkono 250. Ziko mbili, kwa hiyo kila moja inabeba niutoni 294 hivi.

Wiki iliyopita nilifurahi bure. Meshi ni ule mchoro uliokatwa vipande vidogo, yaani elementi, ili kompyuta ipige hesabu ya kila kimoja. Ya kwanza nilitumia tetra za nodi nne (vipiramidi vyenye pointi za hesabu kwenye pembe tu) kwa sababu ndizo nyepesi, jibu likaja zuri mno, chuma hakipindi, mkazo (nguvu inayobeba kila milimita ya mraba ya chuma) mdogo. Nikaona hapana, ngoja nijaribu kitu ambacho jibu lake nalijua, nikachukua mkono peke yake, nikaushika upande mmoja na kuupiga hesabu kwa kalamu: ncha yake izame milimita 0.57. Tetra zikasema 0.36! Kumbe hizo za nodi nne ni ngumu kupita kiasi kwenye kupinda, ndani ya kila elementi mkazo ni mmoja tu haubadiliki, sasa utapindaje? Nikabadili nikaweka za nodi kumi, zenye pointi hata katikati ya kingo, saizi ileile, ikatoka 0.56. Hapo nikarudi kwenye L.

Na hapo ndo balaa ikaanza. Kona ya ndani nilikuwa nimeichora kali, nyuzi 90 kamili. Meshi yenye elementi za milimita 4 ikasema mkazo pale konani ni megapaskali 118, ya 2 ikasema 161. Nikasema twende 1 kote, elementi zikapita laki sita na laptopu yangu ya RAM giga 8 ikaganda kabisa, halafu umeme nao ukakatika, sawa tu. Basi nikaiacha 2 kwingine nikaisaga, yaani nikaikata ndogo zaidi, pale konani tu: 1 ikatoa 220, 0.5 ikatoa 301. Chuma cha kawaida kinaanza kupinda moja kwa moja bila kurudi kwenye 250 hivi, kwa hiyo bracketi yangu ilikuwa salama au imeharibika kutegemea na subira yangu siku hiyo, haha.

Siku mbili nilidhani ni kosa la meshi. Sio. Kona kali kabisa kihesabu haina kikomo cha mkazo, kadiri unavyosaga elementi ndo unavyozidi kuikaribia sehemu ambayo jibu lake ni infiniti, haitatulia hata ukipewa kompyuta ya NASA. Dalili ni hiyo: kila ukikata saizi nusu inapanda kwa kiasi kilekile, hapa karibu mara 1.37, wakati umbali wa kuzama hausogei kabisa. Mchoro ndo wenye kosa.

Nikaenda kwa fundi Katwe, hapa Kampala, nikamwonyesha picha yenye wekundu pale mkazo ulipo mkubwa. Akacheka. "Ssebo, sisi hapo tunatoboa tundu kwanza, ndo tunakata na greinda mpaka kwenye tundu. Ukiikata kali inapasuka." Biti yake ni ya milimita 10, kwa hiyo kona inabaki na mviringo wa nusu kipenyo 5.

Nikauchora huo. Mara CalculiX, programu inayopiga hizi hesabu, ikagoma ikisema jakobiani hasi (yaani kuna elementi iliyogeuka ndani nje), maana tetra za nodi kumi zinapinda kufuata mviringo na kama ni kubwa zinajikunja zenyewe. Nikazisaga hapo mpaka zikawa sita hivi kwenye ule mviringo, ikapita. Mkazo kila nilipozidi kusaga: megapaskali 141, 149, 151. Imetulia jamani!

Jumamosi tunakata. Nilitaka kumwomba fundi nusu kipenyo 8 ili mkazo ushuke zaidi, lakini biti ya 16 hana, na ya kwangu haipo, kwa hiyo 5 ndo 5.