Hatimaye blogu ya nganya inafuatika Mastodon

Imekubali! Jana usiku niliandika anwani ya blogu yangu ya nganya (matatu zilizopambwa) kwenye kisanduku cha kutafuta cha Mastodon, ule mtandao wa kijamii, ikajitokeza yenyewe, na kitufe cha kufuata juu yake. Posti ya leo asubuhi imefika huko bila mimi kunakili chochote.

Kusakinisha WriteFreely, programu inayoendesha blogu hii, sirudii, mnajua: faili moja, SQLite ya kuhifadhi data, Nginx (seva ya wavuti) mbele, kwisha. Kilichonitoa jasho ni WebFinger, njia ya seva kuulizana kuhusu akaunti. Ukiitafuta akaunti, Mastodon kwanza hubisha hodi kwenye /.well-known/webfinger ya kikoa chako na kuuliza huyu ni nani, anapatikana wapi. Isipojibiwa, kwake wewe haupo, hata kama blogu inafunguka vizuri kwenye kila simu kuanzia Buruburu hadi Rongai. Hilo ndilo lililoniudhi. Kila niliyemtumia kiungo ananijibu "mbona iko sawa?"

Nikakagua config.ini, faili la mipangilio ya WriteFreely: federation = true, yaani kuungana na seva nyingine kumewashwa. Saa ya seva iko sawa. DNS, inayoelekeza jina la kikoa kwenye seva, iko sawa. Stima ikapotea katikati, nikaendelea kwa bando la simu. Mwishowe nikaacha kivinjari, nikauliza kwa curl, amri inayoonyesha jibu la seva lilivyo: 404, yaani hakipatikani. Nikaisoma ile 404 yenyewe, na chini kabisa imeandikwa nginx. WriteFreely ina ukurasa wake wa 404 na haufanani na huo hata kidogo. Kumbe swali halikuwa linafika kwake!

Faili la Nginx lililokuja tayari na seva ya kukodi lilikuwa linanasa kila kitu chini ya /.well-known/ na kukipeleka kwenye folda ya cheti cha usalama cha Let's Encrypt. Let's Encrypt inahitaji acme-challenge tu (ya kuthibitisha kikoa), basi. Ni kama mpangaji wa bedsita kufunga geti la ploti nzima na kuondoka na ufunguo. Nikaibana ile location (kanuni ya Nginx) ibaki na acme-challenge, nikaelekeza webfinger, nodeinfo na host-meta, ambazo seva nyingine huulizia, kwenye 8080 ya WriteFreely, nikakagua kwa nginx -t, nikaipakia upya. Curl ikarudisha jibu la JSON linaloanza na "subject":"acct: na jina langu. Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Kwa kazi hii kivinjari ni muongo. Curl -i ndiyo inasema ukweli.  Kuhusu WordPress, zilikokuwa posti zangu za zamani, sina ugomvi nayo, ila mwaka 2023 kiongezi chake cha Jetpack kilipoacha kutuma posti Twitter baada ya masharti ya API (njia ya programu kuungana na Twitter) kubadilika, nilibaki kubandika viungo kwa mkono. ActivityPub, lugha ambayo WriteFreely na Mastodon huzungumza, ni kiwango cha W3C (shirika la viwango vya wavuti) tangu 2018, hakuna kampuni moja inayoweza kukifunga ikiamka vibaya.

Nilipanga leo nihamishe posti za zamani pamoja na picha zake (WriteFreely haipokei picha, nazipakia kwenye folda ya Nginx). Lakini wazo limenijia ndani ya mathree (matatu): kila ruti iwe na blogu yake, kila blogu akaunti yake, abiria wa ruti ya 58 afuate nganya za 58 pekee. Hali ya mtumiaji mmoja inaruhusu blogu moja tu, kwa hiyo single_user sasa ni false na ruti58 imeshazaliwa. Jina la blogu sasa linaingia kwenye anwani ya kila posti, kwa hiyo viungo vyote nilivyosambaza WhatsApp lazima nivielekeze upya. Za WordPress zitangoja.