Nyanya zilininyoosha, mchicha ndo unalipa ada

Naandika haya mana nimechoka na hizi hesabu za "eka moja ya nyanya milioni 10". Mimi nilipigiwa sebuleni kwangu na shemeji, kwa kalkuleta ya simu, huku anakula ugali wangu na sato. Miche kadhaa mara kilo kadhaa mara bei ya sokoni, toa gharama, unaona shem? Nikaona. Hela ya kikoba ilikuwa imetoka mwezi huohuo, na nilikuwa nimekodi robo eka huku Kayenze, Ilemela, Mwanza, sehemu ambayo ukitembea kidogo tu unaliona ziwa. Ikaingia yote.

Kitalu na kuhamisha miche sielezi, hayo kila mtu anajua. Nyanya zilikubali vizuri tu mpaka alipoingia kanitangaze, yule kiwavi wa nyanya. Kama hujawahi kumuona, jani linaanza kuwa na michoro myeupeyeupe, ukilinyanyua juani unamuona yumo ndani anakula taratibu kama yuko kwao, alafu akichoka majani anatoboa tunda. Nikapewa dawa ya kwanza dukani, sikuona kitu. Nikarudi, nikaambiwa ya pili ichanganye na ile ya kwanza. Ya tatu bei yake ni kama viatu vya shule vya watoto wawili. Hata hivyo nikavuna, matenga kama 30, nikajisifu mwenyewe njia nzima.

Nikakodi kirikuu alfajiri hadi sokoni mjini. Kufika, kila mtu kaleta nyanya! Dalali hata hakunyanyuka alipokaa, akaangalia matenga yangu akasema "mama, hizi mbona hazijajaa", wakati nimejaza mpaka mdomoni. Kumbe anataka lumbesa, kile kilemba cha juu kinachoshikiliwa na majani na kamba, ndo ihesabike tenga moja. Haya, tukaanza kumwaga na kujazia, matenga 30 yakawa 23. Nikagoma bei yake. Akaniambia sawa mama, kaa nazo. Nikakaa nazo. Saa nne jua limewaka, nyanya za chini zinaanza kutoa maji, inzi wananijua kwa jina, nikamfata mwenyewe, na safari hii bei ikawa imeshuka tena. Nikalipa gari, ushuru, washushaji, nikanywa soda kwa hasira nikarudi na daladala. Mume wangu kuniuliza vipi, nikamwambia wamelipa nusu, nyingine watamalizia. Hakukuwa na nyingine.

Sasa pembeni ya nyanya nilikuwa na matuta mawili ya mchicha, ya mboga ya nyumbani tu. Wiki hiyohiyo akapita mama mmoja mchuuzi anatokea huko Igombe na beseni kichwani, akauliza "dada, haya matuta unauza?" Nikasema elfu 10 kila moja, nikitegemea atacheka. Akatoa hela, akang'oa mwenyewe, akafunga mafungu mwenyewe, akabeba mwenyewe. Sijalipa gari, sijaona dalali. Nikahesabu kwa vidole, tangu nimwage mbegu ni siku 25. Nyanya zilinikalisha karibu miezi minne na bado nikadanganya ndani ya nyumba.

Nikang'oa nyanya zote zilizobaki. Mpango wangu ni mwepesi mpaka watu wanaudharau: nina matuta 24, kila wiki namwaga mbegu matuta 6, basi. Wiki ya nne ya kwanza yanauzwa, nayageuza, naweka samadi, namwaga tena. Wengi wanakosea hapo, wanapanda shamba zima siku moja alafu mchicha wote unakomaa siku moja, unaanza kutoa maua huku unatafuta mteja. Mbegu zenyewe ni ndogo kama vumbi, changanya na mchanga mkavu ndo zinatawanyika sawa, na pitisha majivu pembeni mana sisimizi wanazibeba zote usiku unabaki kulaumu muuza mbegu.

Kiangazi cha kwanza ndo kilitaka kunitoa roho. Udongo wa hapa ni luseni, mchanga mtupu wa mlimani, na mimi kila niliyemuuliza anasema inua tuta, inua tuta. Nikainua. Namwagilia keni mbili, maji yanateremka pembeni yanaenda kwenye njia, saa sita mchicha umelala kama umepigwa. Naongeza keni. Mgongo hauna kazi. Mama mkwe akaja kunisalimia kutoka Magu, akasimama ananiangalia muda mrefu, akasema "mwanangu, mbona unamwagilia njia?" Yeye ni mtu wa mpunga maisha yake yote. Akachukua jembe, akachimba pale tuta lilipokuwa, akashusha chini kama kiganja kimoja, akaweka kingo ndogo kuzunguka, yani jaruba la mpunga kabisa ila la mchicha. Akamwaga keni moja. Maji yakakaa! Nikatandaza na nyasi kavu juu mpaka mbegu ziote, na toka hapo maji ninayotumia ni kama nusu. Masika ndo nainua matuta tena, mana ukiacha majaruba mvua za mwezi wa nne zinaozesha kila kitu.

Maji ni kisima kifupi tulichochimbisha, kiliniuma kidogo ila sio sana. Wapo wanaolima ukingoni kabisa mwa ziwa kwa ajili ya maji ya bure. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka ukae mita 60 kutoka ukingoni, lakini kabla afisa hajafika, kiboko anafika. Jirani yangu alilala na chainizi akaamka na nyayo. Na kuingia majini na ndoo kila asubuhi ni kuitafuta kichocho kwa hiari.

Samadi ya kuku ikiwa mbichi inaunguza, niliwahi kuunguza matuta manne, mengine msiulize. Wadudu nawapiga kwa mwarobaini, majani yaliyotwangwa yakalala kwenye maji usiku kucha, na sabuni kidogo.

Hela sasa. Wiki ya kawaida matuta 6 yananipa elfu 60, 70. Kiangazi mboga zikiadimika tuta linafika elfu 15 hadi 20, hapo wiki inakaribia laki au inavuka. Masika bei inakufa, kila nyumba ina mchicha nyuma ya choo, kwahiyo napunguza, naweka giligilani kwa wauza supu na nyanya chungu kwa mama lishe. Yote naandika kwenye daftari, pamoja na madeni, mana wateja wa "nitakupa kesho" ni wengi kuliko wadudu.

Shemeji alikuja mwezi uliopita. Akazunguka shamba, akasema shem hapa ungeweka hoho, akatoa simu aanze hesabu. Nikamwacha ahesabu. Aliondoka na mafungu matatu ya mchicha, hajalipa. Nimemuandika.