Mtindo wako unaitwaje?

Nilizisikiliza zote 11 siku moja, nimesimama kwenye daladala kutoka Rangi Tatu kwenda Kariakoo. Nyimbo zangu zote, tangu ule wa kwanza niliorekodi mwaka 2016 hadi wa mwisho. Barabara ya Kilwa ilikuwa na foleni, kwa hiyo nilipata muda wa kutosha. Tulipofika Mtoni kwa Aziz Ali nilikuwa kwenye wimbo wa saba, na hapo moyo ukaanza kunienda mbio, kwa sababu nilikuwa nasikiliza watu wasiojuana. Kuna dada mmoja anaimba kwa puani. Mwingine anaimba zouk na kunong'ona. Wa tisa anaimba amapiano, maana mwaka 2021 kila mtu mjini alilitaka lile besi linalogonga kifua, na mimi nililitaka. Sauti ni yangu kwenye zote. Ila ningekuwa abiria mwingine nimeazimwa hizo hedifoni, nisingejua kwamba wote hao ni mtu mmoja.

Nimeulizwa mara nyingi na wadogo zangu wanaoanza kuandika nyimbo: dada, unajuaje hii ndiyo njia yako? Nitaeleza ilivyonitokea mimi, na ilinichukua miaka mingi.

Utaratibu wangu wa zamani ulikuwa hivi. Unakusanya hela, unakwenda studio, prodyuza anageuka kwenye kiti anakuuliza, "Iwe kama ya nani?" Unamtajia msanii anayevuma mwezi huo. Anafungua biti iliyokwisha kutengenezwa, inazunguka, na wewe unakaa kwenye kochi na daftari unatafuta maneno ya kujaza. Simlaumu. Ana wateja wengine nje wanasubiri, na lazima aanzie mahali. Lakini mama yangu ni fundi cherehani, Muheza, na tangu nipate akili sijamwona akishona gauni kwanza kisha akatoka kutafuta wa kulivaa. Anachukua utepe, anapima mabega, kifua, kiuno, anaandika kwenye kipande cha karatasi, ndipo mkasi unaingia kwenye kitambaa. Mimi mwanawe nilikuwa nakata kitambaa kabla ya kupima, nyimbo 11 mfululizo.

Mchana nafanya kazi kwenye steshenari, Temeke. Natoa kopi, naprinti, nalaminisha vyeti. Mwaka juzi aliingia mzee mmoja na picha ya zamani, wanaume wanane wamesimama na magitaa, suruali pana chini, akataka ilaminishwe isizidi kuharibika. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi. Ile mashine inachukua muda kupata moto, na mimi nikiwa nasubiri kitu huwa naimba kwa chini bila kujijua.

"Huo wa nani?" akauliza.

"Wangu, mzee."

"Mtindo wako unaitwaje?"

Nikasema bongo fleva. Akatikisa kichwa, kwa upole kabisa. "Hilo ni soko zima, mwanangu. Mimi nakuuliza kibanda chako."

Kwa wasiokulia kwenye muziki wa dansi, swali lile lina historia. Zamani bendi haikuwa na jina tu, ilikuwa na mtindo, na mtindo nao ulikuwa na jina lake. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964 na baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, ilikuwa na Msondo. Mlimani Park walipoanza mwaka 1978 wakawa na Sikinde, jina walilolitoa kwenye ngoma ya Wazaramo. Vijana Jazz walikuwa na Pamba Moto. Maquis walikuwa na Kamanyola, halafu Ogelea Piga Mbizi. Ukimwambia mtu "leo naenda Sikinde" alijua ngoma zitakavyogongwa na magitaa yatakavyogawana kazi: solo, rithim, besi, na lile la katikati linaloitwa sekondi solo, ambalo ndilo yule mzee wa picha alilipiga maisha yake yote. Na waimbaji walihama. Muhiddin Maalim Gurumo aliimba Msondo, akaenda Sikinde, akaenda Orchestra Safari Sound iliyokuwa na Ndekule, akarudi tena Msondo. Nyumba zilibadilika, na ukimsikia popote katika hizo unajua ni yeye.

Hilo lilinikaa kichwani usiku ule. Mimi pia nilikuwa nimehama nyumba mara nyingi, ila kila nilipohama nilikuwa naacha kila kitu nyuma na kuingia mtupu.

Mzee akarudi wiki iliyofuata, safari hii na gitaa. Ilikuwa Jumamosi jioni, wateja wamekwisha. Akasema nimwimbie mmoja. Nikachagua wimbo ninaouonea fahari kuliko yote, kuhusu mwanamume aliyeniacha. Kiitikio chake kinaanza, "Penzi letu barabara". Nikakiimba mara mbili. Akaniwekea mkono juu nisimame.

"Penzi lenu ni njia, au penzi lenu liko sawasawa?"

"Njia, mzee. Njia mbovu, yenye mashimo. Ubeti wa pili naeleza."

"Basi mbona umeimba sawasawa?"

Akaniambia nilitamke neno, nisiliimbe. Nikatamka. Njia ni barabara, na uzito unaangukia *ba* ya pili. Ile nyingine, ya kazi imefanyika barabara, uzito unaangukia *ra* ya mwanzo. Melodi yangu ilikuwa inapanda kwenye *ra* ya mwanzo na kukaa pale, kwa sababu ndipo biti ilipokuwa na nafasi. Miaka minne nilikuwa nawaambia watu kwamba penzi langu halina kasoro. Hapo ndipo nikaelewa kwa nini dada mmoja aliuweka ule wimbo kwenye video ya harusi yake na kuniandikia kunishukuru.

Kiswahili kinajulikana kwa hili: mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno. Tulifundishwa shuleni tukaandika mtihani tukasahau. Hakuna aliyenifundisha kwamba kwa mtunzi wa nyimbo hiyo ndiyo ngoma ya kwanza kabisa, inagonga kabla hujashika chombo chochote. Nilirudi nyumbani nikachukua makaratasi yaliyoharibika kwenye mashine (ndiyo daftari langu hadi leo, naandika upande wa nyuma) nikanakili mashairi ya nyimbo zangu zote 11 na kupiga mstari chini ya kila neno ambalo melodi ilikuwa imelivunja mgongo. Wimbo wa amapiano ulijaa mistari. Wimbo mmoja tu ulitoka karibu safi, nao ni ule nilioutunga kabla sijawahi kuingia studio, jikoni, nikiwa na miaka 19.

Nisieleweke vibaya. Kuvunja mkazo si dhambi. Taarabu inavuta silabi mpaka inasahaulika ilianzia wapi, na inapendeza. Vijana wa singeli wanarusha maneno kwenye mwendo unaopita mapigo 200 kwa dakika, na kuna namna wanavyoyakunja ambayo mimi naivulia kofia. Lakini wao wanajua wanachokunja. Mimi nilikuwa nakunjiwa, na biti ambayo haikujua nitasema nini.

Kwa hiyo nikageuza utaratibu. Maneno kwanza. Siyaandiki, nayasema, kwa sauti ya kawaida, kama namweleza mtu jambo lililonikera au kunifurahisha, na simu inarekodi. Naisikiliza tena nikifua au nikitembea kwenda kazini. Mahali sauti ilipopanda yenyewe naiacha ipande. Mahali niliposhusha pumzi naacha wazi. Melodi zangu sasa ni fupi kuliko za zamani, hazina mbwembwe, noti tano au sita tu, na mara ya kwanza ziliniogopesha kwa sababu nilihisi niko uchi.

Kitu cha pili sikukitafuta, kilikuja chenyewe. Niliposikiliza rekodi zile niligundua kwamba nikiwa na hisia kali nasema kwa vipande vinavyolingana. Nikahesabu silabi kwa vidole. Nane, kituo, nane. Mfano huu nilimwambia rafiki yangu kwenye simu, nikauandika baadaye:

*Sikuja kuomba maji, nimekuja na kisima.*

Mizani 16, nusu kwa nusu, kama shairi la darasani. Nimekulia Muheza, na Tanga nzima harusi za utotoni mwangu zilikuwa taarabu. Ya kwetu ilikuwa na sura yake, gitaa na besi mbele, ile iliyojengwa na vikundi vya Black Star na Lucky Star, alikoimba Shakila. Nilipokuwa Dar nilijiambia kwamba hiyo ni ya mama zetu, nikaifungia kabatini. Kumbe wakati nimeifungia, vipimo vyake vilikuwa mdomoni mwangu. Na pale katikati, kwenye kituo baada ya mizani ya nane, pana nafasi ya gitaa kujibu. Kwenye biti za zamani nafasi ile nilikuwa naijaza na "yeah" na "oh baby".

Huwa namfikiria sana Siti binti Saad. Taarabu ya mjini Unguja ilikuwa ikiimbwa Kiarabu, yeye akaiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay kurekodi. Nikisoma habari zake nasikia watu wanasifu ujasiri wake, na ni haki yake. Mimi kinachonivutia ni kazi yenyewe, ya jinsi neno la Kiswahili lilivyolazimika kutafuta pa kukaa ndani ya muziki uliokatwa kwa lugha nyingine. Lazima kulikuwa na jioni nyingi za kukaa na kujaribu, neno linaingia, neno linagoma.

Mimi na mzee hatukubaliani kila kitu. Yeye anaamini wimbo lazima uwe na chemko. Sehemu ya kwanza unasimulia taratibu, watu wanasikiliza, halafu magitaa yanachemka na watu wanainuka. "Umewaita watu, umewalisha maneno, halafu unawaacha wakae?" Namwelewa, na nikienda kwenye dansi naingoja chemko kama kila mtu. Ila nyimbo zangu hazitaki. Nimejaribu kuziongezea kwenye nne, na mara zote ilisikika kama kuna mtu amefungua mlango wa chumba kingine. Mwanamke anaeleza jambo zito, amelieleza vizuri, ghafla tumeinuka kucheza. Kwa hiyo nimekataa, naye amenuna kidogo, na bado anakuja Jumamosi kunipigia sekondi solo chini ya maneno yangu kwa utulivu ambao sijui nitamlipaje.

Gharama ipo, nami nataka wanaoanza waijue. Kuna watu waliokuwa wananifuata kwa ajili ya ile amapiano, wameondoka. Rafiki niliyeanza naye alinisikiliza hadi mwisho akasema, "Nzuri, lakini hii haipigwi klabu." Ni kweli, haipigwi. Iliniuma siku tatu. Halafu akaniambia kitu kingine, kwamba mdogo wake aliusikia wimbo ukitokea chumbani akauliza, "Huyu si dada wa steshenari?" Alikuwa hajaambiwa ni nani, na sikuwa nimejitaja jina mwanzoni mwa wimbo kama tulivyozoea. Miaka yote ya studio sikuwahi kutambuliwa hivyo.

Sasa hivi nimekwama kwenye wimbo mpya. Ni wa wale kina mama na wasichana wa kwetu wanaouza machungwa, wanaokimbia na basi mkono uko dirishani. Nilikimbia nayo mwenyewe likizo mbili, kwa hiyo nayajua magoti yake. Ubeti umefika hapa:

*Sinia juu ya kichwa, dirisha linanipita,*
*basi lenda nimeachwa, pesa ninaifuata.*

Mstari wa tatu unadai kina cha *chwa*, na maneno ya *chwa* ni machache. Lililobaki ni kuchwa, jua kuchwa. Mizani inakubali, kina kinakubali, mzee amelipenda. Mimi sijalikubali, maana sijawahi kulisema neno hilo mdomoni mwangu, na nimejiwekea kwamba nisichokisema sikiimbi. Tangu Jumatano napita hapo kwa kuguna tu.

Jana usiku nikampigia mama. Nikamuuliza, watu wa huko mkiwa stendi jioni, biashara imeisha, mnasemaje? Akasema, "Tunasema giza limeingia, twende zetu. Tuseme nini tena?"

Giza limeingia. Nimehesabu, ni mizani saba, na kina hakipo kabisa. Nimeirekodi hivyo hivyo kwenye simu, nikaacha wazi pale inapopungua. Jumamosi mzee akija nataka nisikie gitaa lake litafanya nini hapo.