Ujiji, ziwa liliposogea

Wenyewe wanaiita Kigoma mwisho wa reli, na jana asubuhi nimeelewa kwa nini. Unatoka kwenye jengo la stesheni walilolijenga Wajerumani, unateremka kidogo, ziwa Tanganyika hilo hapo. Hakuna pa kwenda tena ila majini.

Nilikuja kwa ajili ya Liemba. Tangu nikiwa mdogo nasikia habari zake: meli iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000 na kuletwa hadi huku kuungwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mto Malagarasi unapoingia ziwani, lakini kwanza wakazipaka injini grisi, kama mtu anayefukia mali yake akijua atairudia. Aliyeirudia akawa Mwingereza, aliyeiibua mwaka 1924.

Ila kilichonikaa moyoni ni Ujiji.

Ni mwendo mfupi tu wa daladala. Pale kwenye mnara, chini ya miembe, kuna jiwe lenye ramani ya Afrika na msalaba juu yake, na tarehe: 10 Novemba 1871, siku mwandishi wa habari Stanley alipomkuta Livingstone, mmisionari na mpelelezi aliyekuwa akimtafuta. Nilitazama huku na huku nikitafuta maji, sikuyaona. Nikamuuliza mzee mmoja aliyekuwa ameketi kivulini.

"Shikamoo mzee. Si wanasema hapa palikuwa bandarini?"

"Marahaba mwanangu. Palikuwa. Ziwa ndilo lililosogea."

Ni kweli. Miaka ya 1870 kuelekea mwishoni, maji yaliyokuwa yamezibwa na tope upande wa Kongo yalizibua njia ya mto Lukuga, na ziwa zima likashuka. Ufuo wa Ujiji ukabaki wa kina kifupi. Wajerumani walipotafuta pa kufikishia reli wakachagua ghuba ya Kigoma, yenye kina na kinga ya vilima. Ujiji, ambako misafara ya Bagamoyo ilimalizia safari na shanga na nguo zake, kisha ikageuka na pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, ukabaki nyuma.

Nilisimama pale muda mrefu, na nilichokuwa nikikiwaza si wale wazungu wawili. Aliyetangulia kumpokea Stanley siku ile alikuwa Abdullah Susi, mtumishi wa Livingstone, mtu wa Shupanga kando ya mto Zambezi. Alimsalimia, akafuatia mwenzake Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani akiwa bado kijana mdogo. Kisha Susi akatimua mbio kumpa bwana wake habari. Mwaka 1873 Livingstone alipofariki kwa Chitambo, ambako leo ni Zambia, hao hao na wenzao waliukausha mwili juani, wakaubeba miezi kadhaa hadi Bagamoyo. Jiwe lina majina mawili. La Susi halimo, na jambo hilo linaniuma kuliko nilivyotarajia.

Niliteremka kwa miguu kuelekea majini, nikijaribu kupima kwa hatua zangu umbali ambao ziwa limesogea. Ufuoni dagaa walikuwa wameanikwa, wembamba, wanang'aa kama vipande vya bati, na mama mmoja akiwageuza kwa fagio la njiti, polepole, wasivunjike vichwa. Aliokota mmoja, akauvunja katikati kusikiliza kama umekauka, akanipa nusu nionje. Chumvi kidogo, moshi hakuna, jua tupu.

Nikamuuliza kama amewahi kusikia habari za Susi.

Akasimamisha fagio, akafikiri kwa dhati.

"Susi wa ukoo gani, mwanangu?"

Nikavuta ndoo iliyoinamishwa, nikakaa, nikaanza kumsimulia.