Anza na magurudumu, kabureta iache mwisho

Pikipiki yangu ni ya CC 150, niliinunua ikiwa imeshatumika. Alfajiri inabeba matenga ya samaki kutoka soko la Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza, kupeleka Nyakato, Igoma mpaka Kisesa kwa akina mama wanaokaanga, na mchana inabeba abiria. Ilikuwa inakula mafuta kuliko za wenzangu kijiweni zenye injini kama yake, na kwenye kazi ya faida ndogo namna hii, lita moja ya ziada ni mboga ya nyumbani. Bei hatuipangi sisi. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, inatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na sote tunapokea. Kilichobaki mikononi mwetu ni lita moja itatufikisha wapi.

Kijiweni ushauri ulikuwa mmoja tu: peleka kwa fundi akaipunguze mafuta kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Kabla ya kugusa chochote nikaamua kupima, maana bila kipimo utaishia kuamini maneno. Nilijaza tangi mpaka shingoni, pikipiki ikiwa kwenye stendi kubwa, nikaandika namba ya mita. Nikafanya kazi kama kawaida, nikarudi kituo kilekile, nikajaza tena mpaka palepale, kisha nikagawanya kilomita kwa lita zilizoingia. Rudia mara kadhaa uchukue wastani, kwa sababu siku ya matenga si sawa na siku ya abiria mmoja mwembamba. Yangu ilikuwa inacheza kwenye kilomita 35 kwa lita.

Fundi niliyemwendea Mabatini ni mtu mzima, na kabureta hakuitazama kabisa. Aliipandisha pikipiki kwenye stendi kubwa, akaweka gia huru, akazungusha tairi la nyuma kwa mkono. Likaenda nusu mzunguko, likasimama. Akazungusha tena, likasimama palepale, na ukitega sikio ulisikia kitu kinakwaruza ndani ya ngoma ya breki.

"Mdogo wangu, unaendesha huku umeshika breki," akaniambia. "Injini itaacha kula mafuta kwa raha gani?"

Alifungua gurudumu. Ndani kulikuwa na vumbi jeusi limeshikana, na ule mkono unaofungua breki ulikuwa mkavu, haurudi vizuri ukiachia pedali. Akasafisha, akapaka grisi kidogo sana mahali pa kuzungukia, akabadilisha beringi moja iliyokuwa inalia, akarudisha na kulegeza nati ya fimbo ya breki mpaka pedali ikawa na nafasi kidogo kabla ya kushika. Tairi lilipozungushwa safari hiyo lilikwenda lenyewe, likapunguza mwendo taratibu. Hakuna kipimo rahisi kuliko hiki, na hakikugharimu hata senti.

Cheni ndiyo iliyonifundisha zaidi, na hapa nasema na wenzangu wanaobeba samaki. Maji ya barafu yanayovuja kwenye tenga yanadondokea nyuma moja kwa moja kwenye cheni. Yanaondoa oili, jioni ikikauka unaona kutu ya rangi ya chungwa kwenye viungo, na vingine vinagoma kukunjika. Cheni ya namna hiyo inameza nguvu ya injini kabla haijafika kwenye tairi. Siku hizi tenga linakaa juu ya karatasi nene la nailoni lenye kingo zilizopinda, maji yanamwagikia pembeni. Jioni nafuta cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, naiacha ikauke, kisha napaka oili nzito ya gia, namba 90, kwa ndani. Oili chafu iliyotolewa kwenye injini siitumii, kwa sababu ina chembechembe za chuma na masizi. Cheni isilegee, na isikazwe kama uzi wa gitaa pia: ukiwa umekaa juu ya pikipiki iwe bado inacheza kidogo, la sivyo inaumiza beringi na inazidi kuvuta. Meno ya spoketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, yakishalala upande kama ndoana, badilisha spoketi zote mbili pamoja na cheni.

Upepo wa matairi ni suala dogo, na bado wengi wanaupima kwa kupiga teke. Nilinunua geji yangu mwenyewe. Napima asubuhi matairi yakiwa baridi, na nafuata vipimo vya kitabu cha pikipiki, ambavyo kwa tairi la nyuma vinapanda ukibeba mtu au mzigo.

Baada ya hayo ndipo tukageukia hewa. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Sisi tuko juu. Uso wa Ziwa Victoria peke yake uko mita 1,134 hivi juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Matundu ya jeti, yanayopitisha petroli ndani ya kabureta, hayajui hilo, yanapitisha mafuta yaleyale. Kwa hiyo kabureta ya kawaida ikiwa Mwanza tayari inaelekea kuzidisha mafuta kidogo, na ukiongeza chujio la hewa lililojaa vumbi, moshi unakuwa mweusi. Chujio langu ni la sponji. Nalifua kwa maji ya sabuni, nalikausha kivulini, nalilowesha oili kidogo na kulikamua. La karatasi usilifue, likichafuka sana nunua jipya.

Plagi, ile inayotoa cheche ndani ya injini, ndiyo inayokupa majibu. Ikiwa ya kahawia, mchanganyiko uko sawa. Masizi meusi makavu, mafuta yamezidi. Nyeupe, hewa imezidi na injini inachemka, na hapo ndipo wengi wanapofikishwa na "kupunguziwa mafuta" bila kipimo: unaokoa pesa kidogo halafu unaunguza valvu, milango ya injini ya kuingiza hewa na kutoa moshi. Yangu ilikuwa na masizi. Fundi akapanga tapeti, yaani nafasi ya valvu, injini ikiwa baridi, akaweka plagi mpya, na mwisho kabisa, injini ikiwa ya moto, akagusa skrubu ya kabureta kidogokidogo akisikiliza sailensa mpaka ikatulia.

Nilipopima tena kwa njia ileile, nilipata kama kilomita 44 kwa lita, matenga yakiwa yaleyale na mlima wa Bugando uleule. Sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilionekana mapema, breki na cheni zilipokaa sawa, kabla kabureta haijaguswa.

Kuna wanaozima injini wakishuka mteremko ili waokoe mafuta. Mimi siwezi kumfanyia abiria hivyo. Unabaki na breki peke yake, na taa yako inaweza kuzimika usiku.

Na kama umefanya yote haya, plagi bado inatoka imelowa oili na nyuma kuna moshi wa bluu, usitoe tena pesa ya kabureta. Hizo ni ringi za pistoni au mipira ya valvu imechakaa, oili inapita na kuungua. Anza kuweka akiba ya kufungua injini.