Siku moja Mwanza: sabuni, katiba na chanja la dagaa

Saa 11 alfajiri. Niko Mwaloni, Kirumba. Gunia la dagaa halinunuliwi kwa macho. Unachota kiganja kimoja, unasugua, unapuliza. Mchanga ukibaki mkononi, bei inashuka papo hapo. Mimi nakaanga dagaa na kuwauza kwenye pakiti, huko ndiko unga wangu unakotoka. Kazi ya pili haina mshahara: kuna vijana watatu ninaotembea nao mpaka mawazo yao yaingie sokoni. Nimewatangulia miaka michache tu, ndiyo maana hawanifichi wanapokwama.

Saa 3 asubuhi. Buzuruga, kwa binti wa sabuni ya maji. Jana kaongeza chumvi akitaka iwe nzito, ikazidi, sabuni ikawa maji kabisa. Nilimkuta anataka kuimwaga. Nikamwambia twende nayo hivyohivyo kwa mama lishe wa pale barabarani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo mmeniletea nini?"

Binti ndiye aliyeongea, mimi nilishika ndoo. Mama akamimina kidogo kwenye sufuria ya pilau iliyoganda mafuta, akasugua. "Povu lipo, na mafuta yametoka. Ila nyepesi hivi itaniisha siku mbili." Akataka lita moja kwa bei pungufu, na nyingine nzito Ijumaa. Tukiwa njiani binti alikuwa anahesabu kwa sauti. Angekaa ndani mpaka apate chupa nzuri na lebo, angekuwa bado anachora lebo.

Saa 6 mchana. Ofisi ya kata, kwa afisa maendeleo ya jamii, na kijana wa pili. Anafuata mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ni fedha nzuri, ila hutolewa kwa kikundi, na kikundi kinadaiwa katiba, mihtasari ya vikao na akaunti ya benki. Nimemuuliza wenzake wanafanya kazi gani. Kimya. Kumbe wawili amewapata wiki hii ili idadi itimie. Katiba unaweza kunakili kwa jirani, lakini uaminifu haunakiliwi. Tumekubaliana waanze kuweka akiba pamoja kwanza. Hakufurahi.

Saa 9 alasiri. Igombe. Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Kijana wa tatu kakulia kwenye mwalo, ufuko wa kushushia samaki, na kwao dagaa huanikwa mchangani. Dagaa wa mchanga wengi huishia kwenye chakula cha kuku, wa chanjani, walioanikwa juu ya wavu ulioinuliwa kwa miti, wanaliwa na watu na bei yao ni nyingine. Hilo kila mtu analijua. Lakini chanja linataka miti, misumari na wavu, na yeye alikuwa na andiko la kuomba fedha za machanja mengi, kurasa kibao. Nikamwomba aliweke pembeni.

Wiki hii tukajenga moja, kwa miti ya kuokota na wavu mkuukuu wa baba yake. Leo asubuhi ndoo moja ya dagaa akaigawa nusu kwa nusu: huku mchanga, huku chanja. Jua lilikuwa kali. Wa chanjani walikauka mapema, weupe, mikia mizima. Mnunuzi yuleyule akaonyeshwa mafungu yote mawili bila kuambiwa lolote. Akapuliza la kwanza, akalirudisha. La pili akauliza, "Haya yako mangapi?"

Baba mtu, ambaye wiki nzima alikuwa akituita wacheza kitoto, akasogea kukaza kamba.

Saa 2 usiku. Daftari langu, kisha simu. Binti kanunua slesi na salfoniki, malighafi za sabuni yake, kwa hela ya leo. Wa kikundi hajapokea. Wa Igombe anauliza kama anunue wavu mpya kesho. Nimemjibu aulize bei tu: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na sasa mbalamwezi inaanza, mitumbwi itapumzika, asifunge hela yake kwenye wavu kabla giza halijarudi.